Mwanafunzi wa kwanza kwao kufika chuo: tusingoje mpaka apate sapu

Katika vyuo vyetu vingi, mwanafunzi anayeyumba hugundulika siku matokeo ya semista yanapotoka. Mshauri wa kitaaluma analetewa orodha: hawa wana sapu (mtihani wa marudio), hawa watakeri (watabeba kozi waliyofeli hadi mwaka unaofuata), hawa wamedisko (wameondolewa masomoni). Orodha ni ya kweli, lakini imechelewa miezi minne. Yaliyomwangusha mwanafunzi yalitokea kati ya wiki ya kwanza na ya sita, na mengi hayahusiani na akili. Hakusajili kozi moja kwenye mfumo. Hakujua kwamba jaribio la kwanza lina alama zinazobaki mpaka mwisho. Alidhani seminari ni hiari. Alikosa vipindi viwili vya maabara kwa sababu alikuwa kwenye foleni ya mkopo, na hakuna aliyemwambia kwamba vipindi hivyo huombewa ruhusa kwa maandishi.

Naandika kwa wafanyakazi wenzangu wa vyuo vikuu Tanzania: washauri wa kitaaluma, wahadhiri wa mwaka wa kwanza, maofisa mitihani wa idara, maofisa mikopo, wakutubi, wasimamizi wa hosteli. Nazungumzia mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma chuo kikuu. Marekani wana tafsiri ya kisheria ya mtu huyu: wazazi wake wote hawana shahada ya kwanza. Programu za serikali zinazomhudumia zina mizizi katika sheria ya mwaka 1964, na ile ya kuwasaidia walioko vyuoni tayari ikaja 1968. Sisi hatuna programu ya jina hilo, ila tunao wanafunzi wenyewe, tena si wachache.

Msimamo wangu ni mmoja: msaada unaongoja mwanafunzi aje kuomba hauwafikii hawa. Uwekwe ndani ya ratiba, ndani ya kozi, ndani ya fomu ambazo lazima azijaze. Sababu iko wazi kwa yeyote aliyesoma shule ya kata. Ofisi ya mwalimu ni mahali unapoitwa ukiwa umekosa. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo kwa miaka 13 hatagonga mlango wa dokta kwa sababu tu pamebandikwa karatasi inayosema Jumanne saa 8 hadi saa 10. Ataisoma ile karatasi kama tangazo la watu wengine. Kwa hiyo ziara ya kwanza iwe ya lazima, na iwe na kazi ndani yake: fomu ya kozi isikamilike bila saini ya mshauri. Akishafika mara moja na kutoka bila kufokewa, mara ya pili inakuwa rahisi.

Kuwajua bila kuwabandika jina

Fomu za kujiunga huuliza jina la mzazi na simu yake. Ni nadra kuuliza mzazi alisoma mpaka wapi. Idara inaweza kuongeza karatasi yake ya wiki ya kwanza yenye maswali matano: baba na mama waliishia darasa au kidato gani, kuna ndugu wa karibu aliyemaliza chuo kikuu, ulisoma tahasusi gani kidato cha sita, au stashahada gani, umepangiwa mkopo asilimia ngapi, au huna, na kompyuta unayo ya kwako, unaazima, au hujawahi kuitumia.

Swali la tahasusi linaonekana dogo, lakini ndilo linalotoa habari nyingi. Aliyetoka HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) au HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) hajagusa hisabati tangu kidato cha nne. Ukimpeleka moja kwa moja kwenye takwimu au hisabati za biashara za mwaka wa kwanza, mwenzake wa EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) atakuwa anarudia vitu anavyovijua huku yeye akijifunza alama mpya kila dakika. Aliyetoka PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) alisoma hisabati ya matumizi tu, kwa hiyo kozi ya kalkulasi itamshangaza pia. Hii haihitaji utafiti, ni kukaa na orodha jioni moja na kuweka alama kwenye majina.

Orodha hiyo isitembee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu, na hata bila sheria, kuituma kwenye kundi la WhatsApp la idara ni kumdhalilisha mtu. Wala usiwaite kikao cha "wanafunzi kutoka familia duni". Hawatakuja, na watakaokuja watakaa nyuma. Msaada mzuri hutolewa kwa darasa zima, halafu mshauri anajua kimyakimya ni nani wa kumfuatilia zaidi.

Wiki tatu za mwanzo

Cha kwanza ni usajili. Wengi huamini kwamba kulipa ndiyo kusajiliwa. Sivyo: kuna kulipa kwa namba ya malipo, kuna kuthibitishwa kuwa mwanafunzi wa mwaka huu, na kuna kusajili kozi moja moja kwenye mfumo, zikiwemo za hiari. Anayesahau hatua ya tatu huhudhuria madarasa, hufanya majaribio, halafu jina lake halimo kwenye karatasi ya alama. Dawa ni ndogo. Wiki ya pili, ofisa mitihani anatoa orodha ya waliosajili kila kozi, CR (kiongozi wa darasa) anaisoma darasani, na asiyesikia jina lake anabaki baada ya kipindi. Dakika 10 hizo huokoa barua nyingi za Machi.

La pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cha kidato cha nne kinasema vile, kitambulisho cha taifa kina la tatu. Watoto wa vijijini wengi walipewa jina la shule na mwalimu wa darasa la kwanza. Kutofautiana huko hukwamisha uhakiki wa RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo), hukwamisha mkopo, na miaka mitatu baadaye hukwamisha cheti cha shahada. Liulizwe mapema, mwanafunzi apelekwe kwa ofisa wa sheria wa chuo au kituo cha msaada wa kisheria apate hati inayotakiwa, kabla hajafika mwaka wa mwisho.

La tatu ni hesabu ya muda, na hapa napenda tutumie ubao. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Kozi ya krediti 12 ni saa 120. Semista ikiwa na wiki 15 za masomo na kozi ina saa 3 za darasani kwa wiki, hizo ni saa 45. Zinabaki 75, yaani saa 5 kila wiki ambazo mwanafunzi anatakiwa azifanyie kazi mwenyewe kwa kozi hiyo moja. Mwenye krediti 60 kwa semista anadaiwa saa 600, ambazo ni saa 40 kwa wiki, sawa na ajira kamili. Mwanafunzi ambaye ratiba yake ina saa 15 tu za darasani huona ana nafasi tele. Sekondari alikuwa darasani kutwa nzima, na prepo ilisimamiwa na mwalimu wa zamu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huku zile saa tupu ndizo masomo yenyewe. Mpe karatasi ya ratiba ya wiki, ajaze hizo saa 25 za kujisomea akiwa mbele yako, na aandike mahali: maktaba, ukumbi gani, na nani. "Nitasoma usiku" si mahali.

Kanuni za mitihani nazo zisomwe kwa sauti. Zipo kwenye kitabu cha chuo kilichoandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, kurasa nyingi, na mwanafunzi huzifahamu siku zinapomkata. Chagua mambo manne yanayoua: mahudhurio (vyuo vingi hudai asilimia 75), kiwango cha chini cha tathmini endelevu (vipo vyuo ambako chini ya 16 kati ya 40 hukai kwenye UE, mtihani wa mwisho wa semista), kutofika kwenye mtihani bila ruhusa, na namna ya kuahirisha masomo. Hayo mawili ya mwisho yana kosa moja la kawaida. Mwanafunzi akiugua au akifiwa, huondoka kwanza na kueleza akirudi, kama alivyozoea shuleni ambako mzazi angekuja kuongea na mkuu. Chuoni maelezo ya baadaye hayana nguvu. Barua itangulie, iambatane na fomu ya hospitali au barua ya serikali ya mtaa, ipigwe muhuri wa kupokelewa, na nakala abaki nayo. Msisitizie nakala.

GPA ihesabiwe mbele yake

Ukimwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza "GPA ni muhimu" atakubali kwa kichwa na hatajua umesema nini. GPA ni wastani wa alama zake za kozi zote. Chukua mfano. Kozi tano, kila moja krediti 12. Kwa mfumo wa alama tano unaotumika vyuo vyetu vingi, A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1. Amepata B+, B, C, C na D. Jumla ni 12, gawanya kwa 5, ni 2.4. D ile ni sapu. Akiifaulu sapu, kwa kawaida anapewa C tu, hata angepata 80. Sasa jumla ni 13, GPA 2.6. Hapo bado yuko daraja la Pass, maana Lower Second huanzia 2.7, na 2.7 hiyo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa kuingia shahada ya uzamili. Kipointi kimoja hicho kingepatikana kwa kuitoa C moja ipande B.

Halafu mwonyeshe juu. Upper Second ni 3.5, First Class ni 4.4, na vyuo vya umma huajiri wahadhiri wa ngazi ya kwanza kwa 3.8 kwenda juu. Alama za mwaka wa kwanza zinaingia kwenye hesabu ya mwisho. Mwenye dada aliyehitimu anajua hili tangu nyumbani. Asiye naye hutumia mwaka wa kwanza "kuzoea chuo" na anapoamka mwaka wa pili 3.8 imeshakuwa haifikiki. Naiona hii kuwa dhuluma kubwa kuliko hata ya ada, kwa sababu haionekani kwenye risiti yoyote.

Jaribio la kwanza ndilo kipimo

Jaribio la kwanza huja kati ya wiki ya 6 na ya 8. Likisahihishwa na kurudishwa ndani ya siku 10, bado kuna muda wa kurekebisha. Likirudishwa wiki ya 14, limebaki takwimu tu. Mkuu wa idara akiwa na nguvu ya kudai jambo moja kwa wahadhiri wa mwaka wa kwanza, adai hili. Asilazimishe kozi zote. Achague mbili zenye sapu nyingi kila mwaka, kila idara inazijua.

Matokeo yakitoka, mshauri apewe majina ya aina mbili: waliopata chini ya asilimia 40, na ambao hawakufanya. Hawa wa pili ndio wa haraka zaidi, kwa sababu wengine wameshaondoka chuoni kimyakimya. Wapigiwe simu siku mbili hizo hizo. Usipitishe ujumbe kwa CR, maana utakuwa umemtangaza. Ujumbe mfupi unatosha, nao useme siku, saa, chumba, na alete nini: "Habari. Naomba uje Alhamisi saa 4 asubuhi, chumba namba 12, na karatasi yako ya jaribio. Ni dakika 20, tunaangalia namna ya kuongeza alama kwenye jaribio la pili. Huna kosa." Hayo maneno mawili ya mwisho yasikose. Bila hayo, atalala macho akijiuliza amefanya nini.

Akija, msianze na maisha yake. Anzeni na karatasi. Someni jibu moja pamoja na mtafute limeangukia wapi, kwa sababu alama 30 za watu wawili hazina ugonjwa mmoja. Mmoja hakuijua mada: mtume kwenye sura fulani ya kitabu na kwa TA (mkufunzi msaidizi), siku na saa zijulikane. Mwingine aliijua lakini hakumaliza maswali: huyo anahitaji kufanya maswali ya miaka iliyopita kwa saa ya mezani. Wa tatu hakuwa amesoma kabisa, na ukidadisi utakuta anaishi mbali na chuo na kulipa nauli mbili kila safari, au analala chumba cha mtu kwa kubebwa na kusoma hakuwezekani.

Wa nne ndiye anayetushinda zaidi: aliijua mada akashindwa kuiandika. Amesoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza akaambiwa kila kitu sasa ni Kiingereza, akavuka kwa kukariri notisi zilizoandikwa ubaoni. Insha za kidato cha sita zilimfundisha umbo moja: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Chuoni akiona "discuss" anaorodhesha hoja sita, kila moja mstari mmoja na nusu, bila ushahidi wala kupingana na yeyote. Mhadhiri anaandika pembeni neno moja la kulaumu na kumpa 11 kati ya 30. Mwanafunzi anatazama: hoja zote sita ni sahihi! Kwa hiyo anaamini ameonewa.

Kinachofaa hapa si kumwambia aboreshe Kiingereza. Mpe jibu halisi lililopata alama nzuri, limefichwa jina, na jibu lililopata 11, aweke mbili kando kwa kando. Mwambie ahesabu: hoja ngapi katika kila moja, sentensi ngapi kwa kila hoja, majina mangapi ya waandishi yametajwa. Ataona mwenyewe kwamba jibu zuri lina hoja tatu tu, kila moja imesimama kwenye aya nzima. Kisha aandike upya aya moja, si insha nzima, na uisome. Ruhusu rasimu ya kwanza iandikwe kwa Kiswahili akitaka. Fikra zikishakaa sawa, kuzihamisha ni kazi ndogo kuliko kufikiri na kutafuta maneno kwa wakati mmoja. Kozi za stadi za mawasiliano zinazotolewa mwaka wa kwanza zingekuwa mahali pake, kama zisingekuwa na wanafunzi mia kadhaa ukumbini na mtihani wa kuchagua herufi.

Kunakili kazi za watu nako hutokea hapa hapa. Wengi hawaibi, wanafanya kile walichosifiwa nacho sekondari, kurudisha maneno ya kitabu kama yalivyo. Onyesha mara moja, kwa aya moja, tofauti ya kunukuu na kueleza kwa maneno yako, kabla hujatishia adhabu.

Diskasheni tunayo, haijapangwa

Mwanahisabati Uri Treisman, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970, alijiuliza kwa nini wanafunzi Weusi wenye uwezo walikuwa wakianguka kalkulasi. Wenzake walidhani ni uvivu au maandalizi duni. Alipowafuatilia, aliona walisoma kwa bidii lakini kila mtu peke yake, huku wanafunzi wa asili ya Kichina wakikutana jioni, wakikaguana majibu na kuulizana yatakayotoka. Hakuanzisha masomo ya ziada ya kuwainua walio nyuma. Aliwakusanya kwenye vikundi na kuwapa maswali magumu kuliko ya darasani, na matokeo yakabadilika.

Sisi neno diskasheni lipo mdomoni mwa kila mwanafunzi, na chini ya kila mti wa chuo kuna kikundi. Tatizo ni namna vinavyoundwa. Waliotoka shule moja maarufu hujuana tangu siku ya kwanza na kujifungia pamoja. Anayetoka shule ambayo ni yeye pekee aliyefika hapo hubaki na waliobaki. Tatizo la pili: katika kikundi kuna kichwa mmoja anayeongea saa mbili na sita wanaoandika. Wale sita hutoka wakiamini wameelewa.

Mhadhiri anaweza kupanga vikundi vya watu watano wiki ya pili, kwa kuchanganya tahasusi, na kuvipa karatasi ya maswali manne kila wiki. Kila swali lina mtu wake wa kulieleza, kwa zamu, na kichwa haruhusiwi kuongea mpaka mwenye zamu amalize. Ukitaka kwenda mbali zaidi, upo utaratibu ulioanzishwa mwaka 1973 na Deanna Martin katika Chuo Kikuu cha Missouri–Kansas City. Unachagua kozi ngumu, wala huchagui wanafunzi dhaifu. Mwanafunzi wa mwaka wa juu aliyeifaulu vizuri anarudi kukaa kwenye mihadhara yake, halafu kila wiki anaendesha vipindi vya wazi kwa yeyote. Hafundishi upya, anawauliza maswali mpaka waelewane. Kwa kuwa kozi ndiyo iliyoitwa ngumu, hakuna anayeona aibu kuja. Gharama ni posho ya kiongozi na chumba. Unaharibika pale kiongozi anapogeuka mhadhiri wa pili, kwa hiyo ahudhuriwe na kukosolewa wiki mbili za mwanzo.

Fedha, bila mahubiri

Posho ya chakula na malazi ya Bodi ya Mikopo ni shilingi 10,000 kwa siku, na hutoka kwa mafungu ya takriban miezi miwili, yaani kama 600,000 kwa mkupuo. Kwa kijana ambaye mama yake hajawahi kushika laki sita kwa pamoja, siku bumu, yaani posho hiyo, linapoingia simu za nyumbani nazo huanza: ada ya mdogo, dawa, mbolea. Anatuma. Kumwambia asitume ni kupoteza muda. Kaa naye kwenye hesabu: toa kodi ya chumba, gawa kilichobaki kwa siku 60, halafu aamue kiasi cha kutuma akijua kitapunguza nini. Ajue pia kwamba fungu lijalo linaweza kuchelewa, na majibu ya mwendelezo wa mkopo kwa mwaka wa pili yanategemea chuo kupeleka matokeo yake. Hapo sasa uzembe wa idara kuchelewesha alama unageuka njaa ya mtu. Watu wa mikeka (kamari za michezo) nao nawataja kwa sababu wapo, siongezi.

Panapouma zaidi ni kiporo kidogo. Tuseme ada ni 1,300,000 na mkopo umegharimia asilimia 60. Zinabaki 520,000, ni 260,000 kila semista, juu yake bima ya afya, ada ya TCU ya 20,000, michango mingine. Mwanafunzi anazuiwa kuingia mtihani kwa deni la laki moja na nusu ilhali serikali imeshamwekea mamilioni. Chuo Kikuu cha Georgia State, Atlanta, kiliona jambo hilo hilo na kuanzia 2011 kikawa kinatoa ruzuku ndogo kuziba mabaki ya ada, bila mwanafunzi kuomba: ofisi inapekua mfumo, inakuta fulani yuko karibu kuhitimu na amebakiza deni dogo, inalipa. Vyuo vyetu havina fungu la namna hiyo kwa kila mtu, lakini orodha ya wenye deni dogo inapatikana kwa mhasibu wiki ya 10, na makubaliano ya kulipa kwa awamu yanaweza kusainiwa kabla ya msongamano wa wiki ya mitihani. Rufaa za mkopo nazo zina dirisha lake. Wengi hukosa kwa sababu cheti cha kifo cha mzazi hakikuhakikiwa RITA. Ofisa mikopo asikae dirishani. Aende darasani na orodha ya vielelezo.

Wasichana, na wenye ulemavu

Makerere waliamua mwaka 1990 kuwaongezea wasichana pointi 1.5 wakati wa udahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwahi kuendesha kozi za awali kwa wasichana waliokaribia kigezo cha sayansi na uhandisi. Njia zote mbili hufungua lango. Kinachofuata ndani mara nyingi ni msichana mmoja katika kikundi cha karakana cha wavulana sita, naye ndiye anayepewa kalamu ya kuandika ripoti huku wengine wakishika mashine. Wasichana wawekwe wawili wawili kwa kikundi, hata kama vikundi vingine vitakosa kabisa, na kazi za karakana zizunguke kwa karatasi yenye majina. Seminari za saa 1 usiku nazo ziangaliwe: anayekaa nje ya chuo, au ananyonyesha, hawezi, na hatasema.

Mwanafunzi asiyeona ametoka kwenye mfumo wa NECTA (Baraza la Mitihani la Tanzania) ambako dakika za nyongeza zimeandikwa: 20 kwa kila saa kwenye hisabati, 10 kwa masomo mengine. Akifika chuoni huambiwa azungumze na kila mhadhiri. Kozi tano, mazungumzo matano, majibu matano tofauti. Ofisa mitihani aandike waraka mmoja wiki ya 3 wenye jina, nyongeza, na aina ya karatasi au mkalimani anayehitajika, uende kwa wahadhiri wote. Maandishi ya nukta nundu hayatayarishwi asubuhi ya mtihani. Wala usimtumie picha ya ukurasa uliopigwa kwa simu. Programu ya kusoma kwa sauti mara nyingi haisomi vizuri herufi zilizo kwenye picha. Mtumie faili la maandishi.

Baada ya matokeo

Sapu hufanyika muda mfupi kabla ya mwaka mpya wa masomo, na mwanafunzi wa mbali hupata habari akiwa shambani, mtandao ukiwa wa kupanda mlima. Kabla ya likizo, chukua namba mbili za simu: yake na ya mtu anayepatikana. Matokeo yakitoka, mweleze mambo matatu kwa ujumbe: kozi gani, tarehe gani, na kama kuna malipo. Anayekeri ajue kwamba kozi hiyo itagongana na ratiba ya mwaka wa pili, kwa hiyo ipangwe siku ya usajili na asingoje UE kugundua kwamba mitihani miwili iko saa ile ile.

Aliyedisko asiachiwe ubao wa matangazo. Ana haki ya kuomba alama zake zihakikiwe na ya kukata rufaa, na muda wake ni mfupi. Ana haki pia ya kuelezwa lini anaweza kuomba tena, au kama krediti zake zinaweza kuhamia chuo kingine. Mazungumzo hayo huchukua dakika 30, na mara nyingi inabidi mzazi apigiwe simu mwanafunzi akiwepo, kwa sababu nyumbani wanaamini kijana wao "amefukuzwa" kwa utovu wa nidhamu.

Mtaniuliza muda unatoka wapi. Mshauri mwenye wanafunzi 80, dakika 20 kila mmoja, ni kama saa 27. Ukigawa kwa wiki sita za mwanzo ni saa nne na nusu kwa wiki, na idara iziandike kwenye mzigo wake wa kazi, zisiwe sadaka. Akishindwa, aanze na walio kwenye orodha ya jaribio la kwanza, na wengine aonane nao kumi kumi. Kila ziara iache mistari mitatu kwenye faili: tarehe, tulichokubaliana, na lini tutaangalia tena. Mshauri akienda masomoni, faili hilo akabidhiwe anayempokea kwa mkono, pamoja na majina matano ya kupigiwa simu kwanza.